Pwani ya Kwale: Samaki Hupimwa Angali Majini

Ukivuka feri ya Likoni na kushika njia ya kuelekea Lunga Lunga, jambo la kwanza utakalosifiwa kuhusu kaunti ya Kwale ni mchanga mweupe wa Diani. La pili ni samaki. Wageni wengi huukanyaga ule mchanga na kumla yule samaki, kisha wakarudi makwao bila kuuliza lolote. Makala haya, msomaji mpenzi, yanakuomba uwe na swali moja mdomoni kila ufikapo kando ya maji, tangu Diani hadi Shimoni: je, samaki huyu alikuwa ametimiza umri wa kutoka baharini?

Usidhani ni swali la watu walioshiba. Samaki aliyevuliwa kabla ya kuzaa hata mara moja ni sawa na mbegu iliyosagwa unga. Utakula leo, lakini msimu ujao hutakuwa na cha kupanda. Ndiyo maana nchi nyingi zimeweka vipimo. Huko California nchini Marekani, kwa mfano, yuko samaki wa mawe mwenye mdomo mpana aitwaye lingcod. Kipimo chake ni inchi 22, yaani kama sentimita 56. Mvuvi humlaza kando ya rula, na akiwa mfupi kuliko hapo, hutupwa majini. Samaki huyo hana kibofu cha hewa tumboni, hivyo hata akitolewa kina kirefu, hupiga mkia akarudi chini salama salimini.

Ni sheria nzuri, na ukiisikia utatamani ihamishiwe kwetu kesho asubuhi. Lakini hebu tembea nami kidogo pwani hii, uone kwa nini rula peke yake haitoshi.

ASUBUHI YA DIANI

Anzia Diani kwenyewe. Ukishuka Ukunda, ingia barabara ya ufuoni, kisha uulize njia ya kwenda bandari ndogo za wavuvi kama vile Mwaepe, Mvuleni au Mgwani. Zimebanwa kati ya mahoteli, na usipouliza utazipita. Usiulize saa ya kurudi vyombo kwa kutazama saa ya mkononi. Uliza maji. Wavuvi hutoka na kurudi kwa kufuata kujaa na kupwa, na wakati wa kusi, bahari inapochafuka, wengi wao hawathubutu kuvuka mwamba. Huvua mle mle ndani, kati ya mwamba na ufuo.

Mitumbwi ikishafika, simama kando utazame mzani unavyofanya kazi. Changu wakubwa, tewa, nguru na kolekole huenda kwa wachuuzi wenye pikipiki na barafu, na kutoka hapo hadi jikoni mwa hoteli au sokoni Mombasa. Tafi na pono wa kiasi hununuliwa na watu wa kijijini. Kisha hubaki lile fungu la mwisho, la samaki wa urefu wa kiganja. Hao ndio wa mama karanga, wale akina mama wanaokaanga samaki kwa mafuta na kuwauza jioni kando ya njia. Sehemu nyingine ya fungu hilo, mvuvi huitia kwenye kikapu chake kama kitoweo cha nyumbani.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Samaki mkubwa analiwa na mgeni, na mdogo analiwa na mtoto wa mvuvi. Ukija na rula yako na kusema mdogo arudishwe, umemgusa nani? Hujamgusa mwenye hoteli. Umemgusa mama karanga mwenye karai lake, na mteja wake ambaye mfuko wake hauwezi kununua changu wa kilo. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mwenye njaa hana miiko.

Hata hivyo, njaa ya leo isitufumbe macho tusiione ya kesho. Ndani ya mwamba wa Diani mna samaki aitwaye kikande. Si samaki wa kujivunia mezani, lakini chakula chake kikubwa ni urumba, wale viumbe wa miiba wanaomchoma mwogaji mguuni. Vikande walipovuliwa kupita kiasi katika sehemu nyingi za pwani yetu, urumba waliongezeka, na watafiti wamelieleza jambo hilo kwa miaka mingi. Urumba wakizidi hukwangua matumbawe na kumaliza majani ya bahari, na samaki wadogo wakakosa pa kujificha. Basi mvuvi anayemwachia kikande ameutengeneza ukuta wa nyumba yake mwenyewe.

MIIKO YA ZAMANI NA AMRI ZA SERIKALI

Usidhani kwamba Wadigo na Waswahili wa pwani hii walingoja serikali iwafunze kujizuia. Zamani zilikuwako sehemu za bahari zilizohesabiwa kuwa za mizimu. Wazee walizitolea sadaka, na hakuna aliyetupa nyavu pale apendavyo. Aliyeingia aliingia kwa adabu. Unaweza kuicheka imani hiyo ukitaka, lakini itazame kazi yake: samaki walipata mahali pa kukulia.

Baadaye watu waliongezeka, mahoteli yakajengwa ufuoni, wavuvi wa dago wakaja na misimu, hasa kutoka Pemba, na sauti ya wazee ikafifia. Serikali ilijaribu kushika nafasi ile. Mwaka 1995 ilitangaza hifadhi ya bahari ya Diani na Chale. Wavuvi wakaikataa, wakihofu kwamba hatua itakayofuata ni kufukuzwa, na hifadhi hiyo ikabaki zaidi katika karatasi kuliko majini. Mwaka 2001 ikapigwa marufuku mitego miwili inayolaumiwa zaidi: juya la kukokotwa hadi ufuoni, na bunduki ya kuchomea samaki.

Kuhusu juya, sababu ni rahisi kueleza. Wavu huo hauchagui. Huzoa mama, mtoto na mjukuu, hung'oa majani ya bahari, na vingi vilivyomo hufika ufuoni vikiwa vimekwisha kufa kwa kubanwa. Hapo ukimwambia mvuvi awarudishe wadogo, atawarudisha maiti. Kipimo kinachokuja baada ya kifo si kipimo bali ni mazishi.

Shika jambo hilo, msomaji, kwani ndilo litakalotuongoza safari hii yote. Kwa samaki wetu wengi, swali la "abaki au arudi" huamuliwa pale mvuvi anapochagua chombo cha kuvulia, kabla hajaisukuma ngalawa yake majini.

LEMA LENYE MLANGO WA NYUMA

Sasa songa kusini hadi Gazi, kama kilomita 50 kutoka Mombasa. Hapa pana ghuba iliyozungukwa na mikoko, na kijiji kimejipatia jina kwa mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu 2013 umekuwa ukiuza hewa ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo, fedha zikarudi katika maji ya bomba na shule. Kwa mvuvi, mikoko ni chumba cha kulelea. Samaki wengi wanaovuliwa mwambani walipita utoto wao kati ya mizizi hiyo.

Omba uonyeshwe lema. Ni mtego uliosukwa kwa fito na mianzi, wenye mlango unaoingia kama faneli. Samaki huingia kwa urahisi akifuata chambo cha mwani au konokono wa bahari, lakini njia ya kutokea haioni. Wavuvi huliteremsha lema kwa mawe na kulirudia siku ya pili au ya tatu. Uzuri wake ni kwamba samaki huwa hai mpaka unapolivuta. Ubaya wake ni kwamba, likiwa limesukwa kwa matundu madogo, hata kitoto cha tafi hakiponi, wala kipepeo, yule samaki wa rangi nyingi asiye na bei sokoni.

Watafiti nchini Kenya wakafikiria jambo ambalo fundi yeyote wa malema angeweza kulielewa: acha mwanya mwembamba wa wima pembeni mwa lema, wenye upana wa sentimita chache tu. Samaki mwembamba na mchanga atapenya na kwenda zake, na mnene atabaki. Hofu ya wavuvi ilikuwa wazi. Nani atakayekubali kutoboa mfuko wake mwenyewe? Lakini majaribio ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba wastani wa ukubwa wa samaki ulipanda, na pato la mvuvi halikuporomoka. Waliotoka walikuwa wa thamani ndogo, na waliobaki walikuwa wa bei.

Tazama hekima iliyomo. Hapa hakuna askari wala rula, na hakuna samaki aliyeshikwa, akapigwa jua na kutupwa majini akiwa nusu mfu. Mdogo amejipima mwenyewe mlangoni. Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Kwa malema ya Gazi tunaweza kuongeza: na mpime angali majini.

TAFI NA PWEZA WA MSAMBWENI

Kutoka Gazi si mbali kufika Msambweni. Wengi huijua kwa hospitali yake, lakini shuka hadi Mkunguni uzungumze na wazee wa bahari. Watakwambia kuhusu tafi, kwamba zipo siku za mwezi anapokusanyika kwa wingi mahali maalumu ili kutaga mayai. Wanasayansi waliofuatilia tafi katika maji ya Msambweni walithibitisha mikusanyiko hiyo, na wakakuta pia kwamba wavuvi wa malema huifahamu na kuivizia.

Hapa kipimo cha urefu hakina msaada kabisa. Tafi aliyekuja kutaga ni mkubwa, rula itamruhusu. Lakini ukimvua siku ile umemvua yeye pamoja na kizazi chake kizima tumboni. Kwa samaki wa namna hii, kipimo kilicho bora ni cha siku, si cha sentimita. Kupumzisha pahali pale kwa siku chache za mwezi kungewapa nafasi kina mama, kisha kila mtu arudi kazini. Tafi hukua upesi. Hana deni la miaka mingi.

Pweza naye ana hesabu yake. Ukibahatika kufika wakati wa bamvua, maji yanapokimbia mbali, utaona watu wametapakaa juu ya mwamba na vijiti mikononi wakichungulia mashimo. Pweza huishi muda mfupi, wa mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo, na huongezeka uzito kwa kasi ya ajabu. Yule uliyemwona leo akiwa wa nusu kilo, ukimwacha majuma machache utamkuta amenenepa kweli kweli. Majirani zetu wa Tanzania, katika kanuni zao za uvuvi za mwaka 2009, walikataza pweza wa chini ya gramu 500. Lakini pweza aliyekwisha kuchomwa kijiti harudishwi. Kwa hivyo, hapa tena mkono unapaswa kuzuiwa kabla: tazama ukubwa wa shimo na wa jicho linalokutazama, kisha uamue.

Aliye rahisi kusamehewa kuliko wote ni kamba koche, yule mwenye pembe ndefu na bei ndefu zaidi. Wapiga mbizi humshika kwa mkono akiwa hai. Hana kibofu cha hewa cha kupasuka, na asipoachwa juani hurudi shimoni kwake bila kovu. Kanuni za Kenya zimetaja gramu 250 kuwa mpaka wake. Na ukimpindua ukaona mayai yamejaa chini ya mkia kama shanga, basi huna haja ya mzani. Mrudishe.

TEWA HARUDI KAMA ALIVYOTOKA

Nimetaja kibofu cha hewa, na yafaa nieleze. Tewa, ambaye kwingine huitwa chewa, hukaa chini mwambani. Tumboni ana kibofu kinachomsaidia kusimama majini bila kuzama wala kuelea. Ukimvuta kwa mshipi kutoka kina kirefu, hewa ile hupanuka, macho yakamtoka na utumbo ukamjaa mdomoni. Ukimtupa majini kwa huruma yako, ataelea tumbo juu mpaka mwewe au papa amkute. Yule lingcod wa Marekani angeshuka zake. Tewa wetu hawezi. Anayetaka kumwachia kwa kweli humshusha tena kwa kamba yenye jiwe, hadi kina alichotoka.

Na tewa ana siri nyingine. Wengi wa jamii yake huanza maisha wakiwa majike, kisha wakiwa wakubwa hugeuka madume. Kwa hiyo ukivua wadogo tu umewamaliza mama, na ukivua wakubwa tu umewamaliza baba. Samaki wa namna hii anahitaji zaidi ya rula. Anahitaji mahali ambapo hakuna ndoana kabisa.

SHIMONI NA WASINI

Mahali hapo papo, na ndipo mwisho wa safari yetu. Ukifika Kanana, acha barabara kuu uingie kushoto hadi Shimoni. Mbele yako utaona kisiwa cha Wasini, na nyuma yake visiwa vidogo vya Kisite na Mpunguti. Hifadhi yake ilitangazwa katika miaka ya 1970. Ndani ya Kisite hairuhusiwi kuvua kitu chochote, na upande wa Mpunguti unaruhusiwa uvuvi wa kienyeji. Vaa miwani ya maji uchungulie. Utaona tewa na changu wa ukubwa ambao Diani umesimuliwa tu. Hapo ndipo utakapoelewa kwamba kuliachia eneo kwaweza kushinda kumwachia samaki mmoja mmoja. Tangu Kuruwitu kule Kilifi walipojitengea sehemu yao mwaka 2005, vijiji vingine navyo viliona faida, na huku kusini Wasini na Mkwiro vimejaribu njia hiyo ya kutenga kwa hiari yao.

Shimoni ina sifa nyingine. Mkondo wa Pemba unapita mbele yake, wenye kina kirefu, na humo hupita nduaro na sulisuli. Mwandishi Ernest Hemingway alikuja kukaa kambi ya uvuvi hapa mwaka 1954, muda mfupi baada ya kuokoka ajali za ndege nchini Uganda. Enzi hizo samaki alininginizwa kwenye mlingoti, watu wakapiga naye picha. Siku hizi wavuvi wengi wa michezo humvuta nduaro hadi ubavuni mwa boti, wakamchoma alama ndogo ya plastiki yenye nambari, wakamwachia. Akivuliwa tena popote, nambari hiyo hueleza alikotoka na amekaa majini muda gani.

Ni desturi nzuri. Lakini msomaji, tuseme ukweli: mgeni huyo anaachia samaki kwa kuwa chakula chake kinamngoja hotelini. Anachopoteza ni picha. Mvuvi wa Mwaepe akiachia changu, amepoteza chakula cha usiku. Si haki kuwapima wawili hao kwa rula moja, wala kumsifu wa kwanza na kumkemea wa pili. Mkono mtupu haulambwi. Tunachoweza kumtaka mvuvi mdogo ni kile kisichomwacha na njaa: lema lenye mwanya, wavu wenye macho makubwa, siku chache za kupumzisha tafi, na sehemu moja ya mwamba iliyofungwa kwa makubaliano ya kijiji.

Na wewe je, unayekwenda Kwale likizo hii? Nawe una rula yako. Ukikodi boti kuvua, omba ndoana isiyo na kitanzi cha nyuma, lowesha mikono kabla ya kumshika samaki, usimninginize kwa mdomo, na kama amemeza ndoana, kata uzi badala ya kumchokora. Unayekusudia kumwachia asitolewe majini kwa ajili ya picha. Ukikaa mezani ukaletewa kamba koche anayeenea kwenye kisahani cha kikombe, mrudishe jikoni kwa upole na useme sababu. Mwenye hoteli akisikia hivyo mara kumi hatamnunua tena, na mpiga mbizi atakosa sababu ya kumtoa shimoni. Lakini ukikutana na mama karanga jioni kando ya njia, mnunulie samaki wake bila kumhubiria. Yeye hakuchagua ukubwa wa macho ya wavu. Maneno yako yapeleke kwa wale wanaochagua: wanaouza nyavu za macho madogo, na wanaonunua samaki kwa tani bila kuuliza umri.

Bahari ya Kwale haijafilisika. Bado inalisha. Ila kila anayeisogelea, awe na lema, na ndoana ama na uma wa mezani, hana budi kufanya hesabu yake mapema, samaki angali anaogelea.